Chama ni cha Wanaokilipia

Uongozi wa siasa katika mwambao wa Ziwa Viktoria nchini Kenya uliwahi kutegemea fedha za wenyewe. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyouza hisa kwa Waluo wa nyumbani na wa miji ya mbali. Mwenye hisa alikuwa na haki ya kuuliza hesabu, na kiongozi alikuwa na wajibu wa kujibu.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Odinga, Makamu wa Rais, aliegemea Moscow na Peking. Mshindani wake, Tom Mboya, aliungwa mkono na vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Hivyo mashindano ya kumrithi Rais Jomo Kenyatta yakawa pia mashindano ya wafadhili. Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa Urusi, ilifungwa mwaka uliofuata. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu, akaongoza chama cha upinzani cha Kenya People's Union (KPU). Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambayo wenyeji waliiita “Russia”. Rabsha ilizuka, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11, wengine wakataja vingi zaidi. Siku 5 baadaye KPU ilipigwa marufuku. Hospitali ilibaki ikitibu watu, lakini Moscow haikuweza kukiokoa chama.

Wapalestina nao wameonja hali hiyo ya kutegemea wafadhili. Mahmoud Abbas alichaguliwa rais wa Mamlaka ya Palestina Januari 2005 kwa miaka 4, baada ya kifo cha Yasser Arafat, na hakuna uchaguzi mwingine wa rais uliofanyika tangu hapo. Chama cha Hamas kiliposhinda uchaguzi wa bunge mwaka 2006, Marekani na Ulaya zilizuia misaada, na Israeli ikazuia kodi inayoikusanya kwa niaba ya Mamlaka ya Palestina. Kura ilikuwa ya wananchi, lakini mishahara ilikuwa mikononi mwa wengine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kenya nayo iliendelea kupata viongozi kwa msiba. Jaramogi alipofariki Januari 1994, chama chake cha FORD-Kenya kiliingia katika mvutano wa urithi, na mwanawe Raila Odinga akakihama. Raila naye alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, chama chake cha ODM kilikabidhiwa kwa muda kaka yake, Oburu Oginga.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya ya 2011 inakataza michango ya wasio raia na ya serikali za kigeni. Lakini katazo halijazi sanduku la chama. Tajiri wa hapa nchini anaweza kukinunua vilevile. Husemwa kuwa wanachama hawana kitu. Walionunua hisa mwaka 1947 nao hawakuwa matajiri.

Basi wanachama hawana budi kulipa ada, hata ikiwa ndogo, na kudai hesabu zisomwe hadharani katika kila tawi. Nao viongozi wapange uchaguzi wa ndani wangali hai na wenye nguvu, ili mrithi apatikane kwa kura, si kwa msiba wala kwa mfuko wa mfadhili.