Chakula cha Lazima na Saa za Mtu



Miezi michache iliyopita tulipigiwa simu na binti wa jamaa yetu, mzaliwa wa huku Pwani aliyeolewa Meru na kuajiriwa huko katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Baada ya shikamoo na kujuliana hali alituuliza swali lililotuchekesha: "Ami, mtu akilazimishwa kula, hiyo ni kazi?" Tukamjibu kwa mzaha kwamba lau sisi tungelazimishwa kula, tungelikwisha kuwa matajiri. Kisha tukamuusia subira, tukamkumbusha kwamba anayekuketisha mezani pake amekufanyia hisani. Akasema, "Haya, Ami," akakata simu. Jibu lile limetusuta tangu siku hiyo, na makala haya tunayaandika ili kulirekebisha.

Ilitokea tukapata safari ya huko. Basi linatoka Nairobi, linapita Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, mlima Kenya ukiwa mkono wa kushoto, hata kufika Meru. Ni nchi ya baridi na chai, na watu wake ni wakarimu. Tunalisema hili mapema asije mtu akadhani tunawasema wenyeji. Tulipoketi sebuleni kwa yule binti, watoto wakiwa wamelala, alitueleza upya yale ambayo kwenye simu hatukumpa nafasi ya kuyamaliza.

Kazi yao huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni, pamoja na saa moja ya chakula isiyolipwa. Siku nyingine zote saa hiyo ni yake: huswali adhuhuri, hula alichobeba kutoka nyumbani, hupiga simu kuuliza hali ya mwanawe mdogo. Lakini kila Ijumaa wote huamriwa kwenda hotelini kula pamoja, kuanzia saa saba hadi saa tisa, ili wajenge umoja. Majina husomwa. Asiyeonekana huandikiwa barua. Na kwa kuwa chakula hicho huchukua saa mbili badala ya moja, saa ya pili hulipwa na wafanyakazi wenyewe jioni: siku hiyo hutoka saa kumi na mbili. Mwisho wa mwezi, katika mshahara hukatwa mchango wa hicho chakula.

Yeye hula wali na mboga, kwani hana yakini nyama ile imechinjwaje. Pembeni yake chupa za bia hufunguliwa. Swala huiswali baadaye, mbio mbio, kabla ya kurudi mezani kwake. Ramadhani iliyopita alikaa saa mbili nzima mbele ya sahani tupu akiwa amefunga, jina lake likiwa limesomwa kama la wenzake. Na mazungumzo ya pale ni yale yale ya ofisini: mteja gani hajalipa, nani atakwenda Maua Jumatatu. Mkuu wao huja na daftari na kuandika. Alisema wenzake ni watu wema na wanampenda, na hilo ndilo humtia haya zaidi kulalamika.

Tulirudi vitabuni, mahali ambapo tungelipaswa kuanzia. Maulamaa wa fiqhi wamewagawa waajiriwa mafungu mawili. Yuko anayekodiwa kwa kazi, kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa ashone kanzu. Huyo hudai ujira wake kwa kanzu, na wakati ni wake. Na yuko anayekodiwa kwa muda, naye ndiye wamwitaye ajiri khas. Huyu amejisalimisha kwa mwajiri kutoka saa fulani hadi saa fulani, na kwa kule kujisalimisha tu anastahiki ujira, hata kama mwajiri hakumpa la kufanya. Mlinzi wa duka akikesha usiku kucha na mwizi asije, hakuna mwenye akili atakayemwambia: hukulipwa, kwa sababu ulikaa tu. Kilichokodiwa ni usiku wake.

Basi lile swali halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Haiulizwi kama mkono ulikuwa umeshika kalamu au tonge. Huulizwa kama mtu angeweza kuondoka. Akiweza kuondoka bila ya kuandikiwa barua, yeye ni mgeni, na ashukuru. Asipoweza, yu kazini, na saa zile zina mwenyewe wa kuzilipa. Tena maulamaa wetu wa Kishafi wamesema kwamba nyakati za swala za faradhi zimetoka katika mkataba wa muda hata zisipotajwa, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Binti yetu alikuwa akiibiwa hata hizo.

Tukakumbuka kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, katika Suratul Qasas. Alipofika Madyan aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili bila ya kupatana malipo yoyote, kisha baba yao akatuma aitwe ili alipwe kwa alichofanya. Na walipopatana kazi, mzee alitaja miaka minane, ile miwili ya kutimiza kumi akaiacha mikononi mwa Musa mwenyewe. Mwajiri ndiye aliyepambanua kwa ulimi wake lipi la lazima na lipi la hiari. Hakuja baadaye kuihesabu hiari kuwa deni.

Sheria ya nchi nayo iko karibu na hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka saa za kazi ziandikwe katika maelezo anayopewa mwajiriwa, na inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Amri ya jumla ya mishahara imeweka saa 52 kwa juma, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu; zikiangukia siku ya mapumziko, mara mbili. Makato yanayoruhusiwa katika mshahara yameorodheshwa, na mchango wa karamu ambao mtu hakuuridhia hatuuoni humo. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume na dini yake. Chakula cha lazima na wafanyakazi wenzako hakikutajwa kwa jina katika sheria hizi, lakini saa ni saa. Marekani wameliweka wazi zaidi: muda wa chakula hauhesabiwi kazi pale tu mfanyakazi anapokuwa ameachiliwa kabisa na majukumu yake, na mkutano wa nje ya saa za kazi hauhesabiwi ikiwa tu kuhudhuria ni kwa hiari, hauhusiani na kazi yake, wala hafanyi kazi nyingine humo.

Tunajua mwajiri atasema nini. Atasema: nikihesabiwa saa hizi, nitaviondoa vyakula hivi, na umoja utakufa. Sisi hatuamini kwamba umoja hujengwa kwa kusomwa majina. Tulipopita Embu tulilala kwa ndugu mmoja, dereva, ambaye mwajiri wake naye huchinja mbuzi kila mwisho wa mwezi. Si Mwislamu, lakini humwita Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Huwaita watu wakati wa kazi, saa zikiendelea kuhesabiwa, na mwenye haja zake huachwa aende. Tulimuuliza ndugu yetu wangapi huondoka. Akacheka: "Sheikh, nani ataondoka na mbuzi yupo?" Hata katika ujima, watu wanapoalikana kulima shamba la mmoja wao, mwenye shamba hupika, lakini chakula hakilipi siku ile, siku hulipwa kwa siku, zamu yako ifikapo.

Katika Suratul Ahzab waumini wamefundishwa kwamba wakialikwa na wakaisha kula, watawanyike, wasikae kwa mazungumzo. Kule mgeni ndiye aliyekuwa hataki kuondoka. Leo mgeni ameshika mkoba wake, na mwenye meza ndiye asiyemwachia.

Tulimwomba radhi binti yetu, kisha tukamsaidia kuandika barua fupi ya heshima yenye swali moja: chakula cha Ijumaa ni cha hiari au ni cha lazima? Ikiwa ni hiari, majina yasisomwe. Ikiwa ni lazima, saa zake zihesabiwe na mchango usikatwe. Tukamwambia pia kwamba yuko afisa wa leba, asione aibu kwenda kwake. Wenzake watatu, wote Wakristo, walitia saini pamoja naye. Mpaka tunaandika, makato yamekoma na jioni ya Ijumaa wanatoka saa kumi na moja. Majina bado yanasomwa.

Tumebakisha jambo moja, nalo ni letu sisi wa huku. Katika nyumba zetu mna wasichana wa kazi, wengi wao kutoka bara, na siku ya harusi ya jamaa tunafuatana nao. Huvishwa nguo nzuri, hupewa sahani ya pilau, na mtoto wetu huwa mapajani mwao tangu adhuhuri hadi usiku. Tukiulizwa, husema: tumemtembeza naye akafurahi. Tuliporudi kutoka safarini tulimuuliza mama watoto kuhusu harusi ya Jumapili ile ya mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Jumapili ndiyo siku ya mapumziko ya yule binti, na kwamba hakumuuliza kama angependa kwenda. Tumemlipa siku hiyo juma hili, mara mbili. Alidhani tumekosea hesabu, akazirudisha.

Tukamrejeshea.