Kifo cha ghafla: Jibu limo ndani ya damu, si uchawini

MTU mwenye nguvu zake anapoanguka na kukata roho katika vijiji vya Kisii na Nyamira, wapo matangani ambao huuliza kwanza ni nani aliyemroga. Swali hilo lina hatari. Mnamo Mei 2008, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi waliteketezwa kwa moto eneo la Kisii; Oktoba 2021, wanawake wanne wakauawa na umati huko Marani. Kila tuhuma ilikuwa na chanzo chake, lakini kifo kisichoelezwa ni kuni kavu kwa moto wa aina hiyo.

Sayansi inayo maelezo. Mtu anapojikata, protini iitwayo thrombini huigeuza nyingine, faibrinojeni, kuwa nyuzi za faibrini zinazofuma wavu wa kuziba jeraha. Bila wavu huo tungevuja damu hadi kufa. Hata hivyo, katika mshipa uliochakazwa na sigara, kisukari au shinikizo la damu, mlinzi huyo hugeuka adui. Faibrini hujishikiza ukutani pamoja na kolesteroli, na ukoko hunenepa miaka mingi bila maumivu. Daktari Carl von Rokitansky wa Vienna aliligusia jambo hili katika miaka ya 1840, akapingwa na Mjerumani Rudolf Virchow.

Siku ukoko unapopasuka, damu huganda pale pale kana kwamba inaziba jeraha. Mshipa wa moyo ukizibwa, mtu aweza kufa katika muda mfupi.

Tiba ipo. Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa 1988 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulidhihirisha kuwa aspirini, dawa ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa karibu robo. Ikiambatanishwa na streptokinesi, inayoyeyusha damu iliyoganda, faida huzidi. Sharti ni kuwahi, ilhali Nairobi iko takriban kilomita 300 kutoka Kisii.

Tangu 2013, hospitali hizi zimo mikononi mwa kaunti. Basi maswali yanayofaa kuulizwa matangani, na katika mabunge ya kaunti zote mbili, ni haya: Je, marehemu aliwahi kupimwa shinikizo la damu? Hospitali ya karibu ina mashine ya kupima moyo na dawa hizo? Maiti ilichunguzwa?

Ajuza anayenyoshewa kidole hana wakili kijijini. Ripoti ya daktari yaweza kumtetea.