KUSEMA UKWELI SI UADUI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa Bunia,

Kuna watu wanaosema kwamba anayekosoa mkubwa wa inchi ni adui wa inchi. Tunakataa neno hilo.

Tarehe 1 Novemba 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi, wakamwonyesha makosa ya utawala wake. Walinyang'anywa viti, wakafungwa, wakahamishwa mbali. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi. Mwaka 1982 baadhi yao walianzisha chama cha UDPS, na tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alikubali vyama vingi. Basi, nani alikuwa adui wa inchi?

Mwana wa Tshisekedi, Félix, alishika utawala Januari 2019. Ni yeye aliyeweka Ituri chini ya wanajeshi tarehe 6 Mei 2021, na korti za jeshi zikapewa uwezo wa kuhukumu raia. Chama kilichozaliwa na barua kisiogope barua ya raia.

Sisi tunasema: semeni, bila matusi, bila silaha, bila ukabila. Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa, peke yake au pamoja na wenzake. Wanapaswa kujibu kwa miezi mitatu, na hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu kwa sababu ya kuandika.

Mchimbaji wa Mongbwalu, mama wa soko la Bunia, Mhema na Mlendu: wekeni sahihi zenu kwenye karatasi moja. Mtu mmoja hufungwa upesi. Watu elfu hawaingii katika gereza moja.