Madodoso 286, peni nne, chumba kimoja

Najua nimepotea, testi zilinibana. Leo sina stori za kantini, nina hasira.

Jumanne usiku alitutembelea chumbani mwalimu mkuu mmoja anayesoma masta ya menejimenti ya elimu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akamwaga karatasi kitandani. "Wadogo zangu, najua boom halijatoka. Nisaidieni." Madodoso 286, matupu. Tukae wanne, kila mtu na peni yake na mwandiko wake, tujaze kana kwamba sisi ni walimu wa wilaya nzima. Shilingi 500 kwa kila moja. Mada: motisha na utendaji wa walimu.

Nikamuuliza, mzee, kwa nini 286? Akasema kaikuta kwenye tasnifu ya mwenzake.

Jamani! Hiyo ni fomula ya Yamane: walimu 1,000, kiwango cha kosa asilimia 5, unapata 286. Ukitumia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 unapata 278. Lakini zote mbili zinataka watu wapo kweli na wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Hakuna fomula ya vijana wanne wenye njaa.

Najua utetezi wao. Ana kazi, ana familia, msimamizi anakaa na sura moja miezi miwili. Ni kweli, hilo la wasimamizi linaudhi na lisemwe. Ila mtu anayesomea menejimenti akishindwa kupanga kazi yake mwenyewe, ataisimamiaje shule? Kupanga si uchawi. Anza na swali, siyo kichwa cha habari kirefu. Swali likiwa kubwa, lipunguze. Shika tarehe ya kukabidhi, rudi nyuma: uchambuzi wiki ngapi, kukusanya data wiki ngapi, vibali je? Pima dodoso kwa watu wachache kwanza. Huna muda wa kufikia walimu 286? Fanya uchunguzi kifani, shule tatu, uhoji watu 15 kwa kina. Hiyo nayo ni tasnifu, mradi ukubali mipaka yake.

Na sisi wa digrii ya kwanza tusijitie usafi. Kuchapa kazi ya mtu ni kazi halali. Kuingiza kwenye SPSS majibu yaliyokusanywa kweli, halali. Kupika data ni wizi. Naandika haya nikiwa na aibu: mwaka jana nilijaza 40. Nikapata elfu ishirini, ikaishia kwenye chipsi mayai na vocha. Kwenye swali la nyumba za walimu niliweka "naridhika" mfululizo kwa sababu nilikuwa na usingizi.

Fikiria sasa. Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Kesho napangiwa kijijini, chumba kinavuja, nalalamika, naonyeshwa utafiti unaosema walimu wameridhika. Nani aliridhika? Mimi, usiku wa manane, kwa shilingi 500.

Mzee tulimrudishia karatasi zake. Tukamwambia tupo tayari kwenda naye shuleni Jumamosi kugawa madodoso, atulipie nauli tu. Akacheka, akaondoka. Nasikia alipata watu hosteli ya jirani.

Kama ni wewe uliyejaza, hujamsaidia mtu. Umemjibia mwalimu ambaye hakuulizwa, na mwalimu huyo ni wewe wa miaka miwili ijayo.

Naomba kutoa hoja.