Makambako ya which na Makambako ya where

Swali lina mstari mmoja tu: "Makambako is the town ____ the Songea road leaves the highway." Mtoto wa darasa la saba mjini Njombe anapitia majibu: who, which, whose, where. Amekaririshwa kwamba mtu ni who, kitu ni which. Mji si mtu. Anasiliba which, anakosa.

Alichokariri si uongo, ila ni nusu ya kanuni. Makambako hiyohiyo huchukua which ukisema ni mji wenye stesheni ya TAZARA, "which has a TAZARA station", maana hapo mji wenyewe ndio una stesheni. Huchukua where jambo linapotendeka mahali hapo, kama barabara ya Njombe na Songea inavyochepuka kutoka barabara kuu. Na tofauti hiyo mtoto anayo mdomoni: mji ambao una stesheni, mji ambako barabara inachepuka. Mwamshe usiku wa manane, hatachanganya ambao na ambako. Hajaambiwa tu kwamba hicho ndicho anachoulizwa.

Ndiyo maana safu hii inapinga desturi ya kukifukuza Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Watoto wa shule za msingi za serikali wengi wao husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Kuwanyima daraja walilonalo tayari ni kuwaonea.

Kweli, Kiswahili nacho huponza. Kwetu ng'ombe ni ambaye, sawa na mwalimu. Mtihani unataka which. Kwetu "kitabu nilichokinunua" ni sawa kabisa, lakini ile -ki- ikivushwa inazaa "the book which I bought it", na alama inakwenda.

Whose ndiyo ngumu kuliko zote. Mwalimu aandike ubaoni: mkulima ambaye viazi vyake vimeoza. Mtoto huyabeba yote mawili, ambaye na vyake, akaandika "the farmer who his potatoes". Mwalimu apige mstari chini ya ambaye na vyake pale ubaoni, ayafute, kisha aandike whose pale lilipokaa ambaye. Pengo la vyake libaki wazi, darasa lilione.

Halafu amrudie yule aliyesiliba which, amwombe aisome sentensi ya Makambako kwa Kiswahili kwanza.