Maumivu ya goti Bute yasisubiri Nairobi

Siku hizi hukosi video ya mtu akigongwagongwa kisigino kwa mashine ya mawimbi ya mshtuko. Si uchawi. Ni mawimbi ya sauti, teknolojia iliyoanza na kuvunja mawe ya figo Ujerumani mwaka 1980. Kwa maumivu sugu ya kisigino au bega, huwasaidia baadhi ya wagonjwa.

Lakini je, mwendesha boda boda wa Bute, kule Wajir Kaskazini, ambaye mgongo unamuuma kwa mashimo ya barabara? Je, mama anayeinua mitungi ya lita 20 kila siku?

Hatudai mashine kwanza. Tunadai mtaalamu wa fiziotherapia. Mashine bila yeye ni pambo tu. Yeye bila mashine bado ana mikono yake na mazoezi, na hapo ndipo tiba huanzia. Afya iligatuliwa 2013, basi kaunti ihakikishe anafika Bute, hata kwa zamu.

Nawe kijana, acha kumeza dawa za maumivu kimyakimya miezi nenda miezi rudi. Nenda hospitalini, uliza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.