Msiving'oe visiki vya mkole

Mwaka jana niliitwa na shule moja ya msingi hapa mkoani Dodoma nikawaangalizie madawati yaliyolegea. Nyuma ya madarasa nikakuta kichaka chote kimefyekwa ili ipandwe miche ya mikaratusi. Visiki vilikuwa vimeng'olewa kwa sururu na kurundikwa karibu na jiko. Nikaokota kimoja, nikakwangua gome kwa ukucha. Mkole. Nikahesabu vilivyobaki: 17. Nilirudi nyumbani bila hamu ya chakula.

Nimefundisha useremala zaidi ya miaka 30, lakini mti nilifundishwa na mjomba wangu, Msandawe wa upande wa Kwa Mtoro, aliyekuwa fundi wa pinde. Karakana hakuwa nayo. Alikuwa na shoka, tezo, kisu, na visiki vyake porini, na kila kisiki alikijua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake. Mkole mnaufahamu, hata kama jina limewatoka: kichaka chenye maua ya njano, majani meupe upande wa chini, na vitunda vitamu ambavyo watoto wachungaji hushindia. Ukiuacha wenyewe hutawanya matawi tangu chini na kujaa vifundo. Mjomba aliukata juu kidogo ya ardhi, kwa mshazari ili maji yasituame, kisha machipukizi yakitoka alibakiza mawili au matatu tu. Chipukizi la kisiki lina mizizi ya mzee chini yake; hupanda kwa haraka, limenyooka, halina muda wa kutoa vitawi. Baada ya miaka kadhaa linakuwa nene kama kifundo cha mkono. Hilo ndilo upinde. Watu hudhani fundi hutembea porini akauokota mti wake kama uyoga, kumbe aliulea.

Watu hudhani pia kwamba upinde unataka mti mgumu kuliko yote. Mpingo unaushinda mkole kwa ugumu, na Ulaya wanautengenezea klarineti, lakini sijamwona fundi wa kwetu akiuchongea upinde. Upinde unataka mti unaokubali kukunjwa na ukarudi. Ukivuta upote, mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, unavutika. Tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Fimbo moja inabeba kazi mbili zinazopingana. Ndiyo maana mjomba hakuugusa mgongo kwa kisu. Alibandua gome tu, akaziacha nyuzi za mti zilivyo kutoka ncha hadi ncha, na kuchonga kote akakufanyia tumboni.

Upinde wangu wa kwanza niliutaka laini kama mguu wa meza. Nikakuta kifundo kidogo mgongoni, nikakisawazisha. Siku ya tatu ulikatikia palepale, na kipande kikanipiga sikioni. Mjomba hakunigombeza. Aliokota vipande vyote viwili, akapitisha kidole pale nilipochonga, akasema, "Umeukata mshipa, mpwa wangu." Kila nilipofundisha wanafunzi habari za nyuzi za mbao, sikio lile lilinikumbusha.

Fimbo aliikata baada ya mavuno. Miisho yote miwili aliipaka mavi ya ng'ombe, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi miishoni na hapo ndipo ufa huanzia, akailaza darini juu ya moshi wa jiko hadi mvua za kwanza. Halafu mafuta ya kondoo, moto, na panda ya mti ya kunyooshea. Upote aliusokota kwa kano za ng'ombe. Kilichomchukua muda mrefu ni kutazama: huvuta kidogo, hulegeza, huangalia mkono upi wa upinde umekuwa mkaidi, hukwangua tumbo mahali hapo, huvuta tena. Alasiri nzima ikaisha hivyo.

Najua wapo watakaosema upinde ni chombo cha ujangili. Kuwinda bila kibali ni kosa na silitetei. Upinde wa mwanafunzi unaweza kulenga gunia la majani. Kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo wa Olimpiki, uliorudishwa mwaka 1972. Kinachoniuma ni kwamba tunawapandisha wageni kule Kolo wakaone michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, na humo wamo watu walioshika pinde, ilhali mjukuu wangu alinunuliwa upinde kando ya barabara ukawa ni fimbo mbichi, kamba ya nailoni na rangi ya viatu. Ulivunjika jioni ileile.

Ndugu zetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Mimi husema siku hiyo waliokoa pia pinde zao, maana mti wa upinde hauna duka. Na sisi wa Kondoa tuna ushahidi wetu kwamba kichaka kikilindwa hurudi. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na makorongo. Vilima vilivyokuwa vyekundu tupu vikarudi kuwa na nyasi na vichaka. Siku hizi njia ya kulea visiki wakulima wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai: unachagua chipukizi, unapogoa, unaweka alama. Mjomba angecheka kwa furaha kusikia kazi yake imepewa jina.

Basi nawaomba walimu wakuu na maofisa misitu: kabla jembe halijaingia kichakani, mtembezeni humo mzee mmoja anayejua majina. Mikaratusi ipelekeni kwingine. Na vyuo vya ufundi vitenge muhula mmoja tu, kila mwanafunzi achonge upinde mmoja kabla hajapewa mashine ya randa.

Nyuma ya nyumba yangu vipo visiki vitatu vya mkole. Kimoja kina chipukizi lenye unene wa kidole gumba changu mara mbili, na mjukuu ameshalifunga kitambaa chekundu ili mbuzi wa jirani wafukuzwe mapema. Kila Jumamosi huja kulipima kwa kamba.